Usiku wa Taarab kwa Mama Mwenye Shughuli Nyingi: Namna ya Kujiandaa Tangu Siku Kumi Kabla

Taarab ya Unguja huanza baada ya Isha, nayo haina haraka. Kwanza hupigwa bashraf, ala tupu bila mwimbaji, ganuni na fidla zikiitikiana huku watu wakiendelea kuingia na kutafuta viti. Kisha nyimbo hufuata, na wimbo mmoja unaweza kuchukua dakika kumi na zaidi. Mama anayefika mapema akiwa ametulia huufaidi usiku wote. Anayefika saa nne, jasho linamtiririka na simu inalia kwa sababu maziwa ya mtoto hayaonekani yalikowekwa, huwa amelipa kiingilio ili akae na wasiwasi wake mahali pengine. Nimewahi kuwa mama wa namna zote mbili.

Mwongozo huu ni kwa mama wa mjini Zanzibar, au wa Dar es Salaam na Mombasa ambako desturi hizi zinafahamika, ambaye hutoka hivi mara moja au mbili kwa mwaka na angependa usiku huo uwe wake kweli. Jambo ninalolishikilia ni kwamba karibu kazi yote hufanyika kabla ya magharibi, na ina mpango wake usiobadilika: mtoto kwanza, nguo baadaye, uso mwisho kabisa. Ukiupindua mpango huo, wanja utaishia kwenye shavu la mtoto.

Siku kumi kabla: usiku wenyewe, na mtu wa kubaki na watoto

Mjini Unguja taarab hupatikana kwa njia tatu. Ipo taarab ya harusi, ambayo haina kiingilio lakini ina wajibu. Ipo ya sikukuu, hasa Idi. Na yapo maonyesho ya vikundi vyenyewe, vikiwemo vile vikongwe viwili vinavyojulikana na kila mtu, Nadi Ikhwan Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905 na Culture Musical Club cha mwaka 1958. Kwa mama anayetafuta usiku wa kupumzika, ushauri wangu ni kuiacha harusi ya ndugu wa karibu. Huko hutakaa. Utavaa vizuri, utajifukiza, utafika, na kabla bashraf haijaisha utaitwa nyuma kuangalia kama pilau itatosha, kisha utatumwa kumtafuta mtu mwenye ufunguo wa chumba cha bibi harusi, na wimbo unaofuata utausikia ukiwa umesimama kati ya masufuria. Chagua onyesho ambalo wewe si ndugu wa mtu.

Ukishapata tarehe, tazama ratiba ya watoto kabla ya kulitazama kabati. Usiku unaofuatiwa na asubuhi ya skuli au ya chuoni, yaani madrasa, haufai, kwa sababu utakuwa ukumbini huku moyo unahesabu saa zilizobaki za kulala. Kisha mtafute atakayebaki nao: bibi yao, mama yao mdogo, shangazi yao, au dada wa kazi aliyekwishazoeana nao. Mtoto wa miaka kumi au kumi na miwili hata akiwa hodari kiasi gani asiachiwe wadogo zake usiku.

Unapomwomba mtu huyo, mpe saa kamili. Ukimwambia tu kwamba "natoka kidogo" unamweka roho juu, maana kidogo ya kwako na kidogo ya kwake hazifanani. Mwambie utatoka saa mbili kasorobo na kurudi kabla ya saa saba usiku, watoto watakuwa wamekwisha kula, na kazi yake itakuwa ni kuwalaza na kukaa karibu nao. Mwulize pia usafiri wake wa kurudi, au mtandikie kitanda alale. Nimeona mipango mingi mizuri ikivunjika kwa sababu hakuna aliyefikiria shangazi atarudije Mwanakwerekwe usiku wa manane. Kama atakayebaki ni baba watoto mwenyewe, mpitishe jikoni na chumbani siku moja kabla na umwonyeshe kila kitu kilipo. Orodha ya mdomo ataisahau, nawe utapigiwa simu katikati ya wimbo kuulizwa nepi ziko wapi.

Mwenye mtoto anayenyonya ana hatua moja ya ziada. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa kwenye friji hadi siku nne, lakini nje ya friji hudumu saa nne tu, tena katika chumba cha nyuzijoto 25 au chini yake. Usiku wa kaskazi nyumba zetu nyingi zina joto kuliko hilo, kwa hiyo yasikae nje kabisa. Anza kukamua kidogo kidogo siku tatu kabla, uandike siku na saa juu ya kila chupa, na umweleze atakayebaki kwamba hupashwa kwa kuiweka chupa ndani ya bakuli la maji ya moto, wala hayainjikwi jikoni. Kubwa zaidi ni hili: mtoto ajaribiwe mapema kunywa kwa chupa au kikombe mkononi mwa mtu huyohuyo, wewe ukiwa chumba kingine. Mtoto akiisikia sauti ya mama yake upande wa pili wa ukuta hataki chupa ya mtu yeyote.

Siku saba kabla: nguo na viatu

Mafundi wetu wa kushona wana mikono mizuri na kalenda mbaya. Mara moja nilikwenda kuchukua gauni langu jioni ya siku ya onyesho, nikakuta kitambaa hakijakatwa, kimekunjwa vilevile nilivyokipeleka, na karatasi ya vipimo vyangu iko juu yake imeshikizwa kwa pini. Nilikwenda na gauni la Idi iliyopita, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Tangu siku hiyo nina kanuni moja: fundi hutajiwa siku ya kuichukua nguo, hatajiwi siku ya kuivaa, na kati ya siku hizo mbili zinakuwepo siku tatu za kurekebisha.

Katika kuchagua kitambaa, fikiria joto la ukumbi na makaa ya udi. Vitambaa vya nailoni na hariri za bandia hunasa jasho na huyeyuka vikiguswa na cheche, ilhali pamba laini, hariri ya kweli au lesi yenye bitana nyepesi huvumilia zaidi. Rangi ni hiari yako, ingawa chini ya taa za jukwaani kijani kibichi, zambarau na dhahabu huonekana vizuri zaidi kuliko rangi hafifu ambazo huwa kama zimefuliwa mara nyingi. Nguo ikishakamilika ivae nyumbani, ukae kitini, kisha unyanyue mkono wa kulia juu kabisa kama mtu anayemtunza mwimbaji, yaani anayempa pesa akiwa anaimba. Kwapa likibana au zipu ikilalamika, irudi kwa fundi siku hiyohiyo. Juu ya gauni litakuja baibui, kwa hiyo angalia pia kwamba mikono ya gauni inaingia ndani ya mikono ya baibui bila kujikunja. Mikono mipana ya mtindo hugoma hapo.

Kuhusu viatu sina maneno mengi. Njia za Mji Mkongwe zina mawe na mabati ya mifereji, na kisigino chembamba hupenya mahali ambapo kidole hakipenyi. Vaa ndara za kutembelea, viatu virefu vikae mfukoni, na ubadilishe mlangoni. Kama onyesho liko Ngome Kongwe, kumbuka kwamba huko watu hukaa kwenye ngazi za ukumbi wa wazi, hivyo kanga moja ya kukunja na kukalia ina faida kubwa kuliko pochi ya pili.

Siku mbili kabla: hina

Hina hupakwa siku mbili kabla kwa sababu rangi yake haikolei papo hapo. Unapoikwangua huwa ya machungwa tu, kisha huendelea kuiva kwa siku moja hadi mbili mpaka ifikie wekundu wa damu ya mzee. Ugumu wa mama ni kwamba hina inataka mikono iliyotulia kwa saa kadhaa, na mama hana saa kadhaa za mikono iliyotulia. Njia niliyoiona inafaa ni kupaka usiku watoto wakishalala: changanya unga wa hina kwa maji ya ndimu mchana, uache mchanganyiko ukae hadi utoe rangi, kisha mwombe ndugu au jirani akupake baada ya Isha. Lala nayo ukiwa umeifunga mikono kwa kitambaa, na alfajiri uikwangue kwa kisu butu bila maji. Siku inayofuata vyombo viwe na mtu mwingine wa kuviosha, kwa maana sabuni ndiyo adui wa hina changa. Paka mafuta ya nazi, na maji yawe kidogo iwezekanavyo.

Piko, yaani ile rangi nyeusi inayowekwa pembezoni mwa maua ya hina, nakuomba uitafakari mara mbili. Weusi wake wa haraka mara nyingi hutoka kwenye rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, ambayo huwatoa baadhi ya watu malengelenge na kuwaachia makovu, na aliyewahi kuumia nayo mara moja huumia zaidi mara ya pili. Hina nyekundu peke yake inatosha, na mbele ya wazee ndiyo yenye heshima zaidi.

Siku yenyewe, asubuhi hadi alasiri

Kazi za nyumba zifanywe kama siku ya kawaida, isipokuwa zianze saa moja mapema. Piga pasi nguo zote asubuhi wakati umeme upo. Chakula cha watoto cha jioni kiwe kile wanachokipenda na kisichoharibika. Wali wa nazi uliopikwa mchana hauaminiki usiku wa joto, wakati chapati hazina matata. Waambie watoto mapema kwamba utatoka na utarudi wakiwa wamelala. Wapo akina mama wanaonyata na kutoka kimyakimya ili wasimlize mtoto, lakini mtoto aliyeamka akakuta mama hayupo hulia usiku ule na usiku wa pili pia akingoja apotee tena. Ukimwambia atalia dakika tano, basi.

Baada ya chakula cha mchana ulale. Hata nusu saa. Najua maneno haya yatawachekesha wengi, lakini taarab ikianza kuwa tamu ni saa tano, na saa tano usiku ndiyo saa ambayo mama aliyeamka alfajiri huanza kusinzia akiwa ameketi wima.

Baada ya alasiri: kuoga, udi na asumini

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko ukumbi wenyewe, na inastahili saa mbili kamili za mlango uliofungwa. Mwenye mtoto anayenyonya amnyonyeshe kwanza, kabla ya kupaka chochote kifuani, kwa kuwa mtoto hulijua titi kwa harufu na manukato makali humfanya aligeuzie uso.

Anza na singo, ule mchanganyiko wa maua makavu na viungo vilivyosagwa, karafuu ikiwa mojawapo, unaorowekwa kwa marashi ya waridi mpaka uwe rojo. Jisugue mwili mzima ngozi ikiwa na unyevu kidogo, uache ukauke, kisha uusugue tena utoke kwa chengachenga. Ngozi iliyopitiwa na singo hushika harufu kwa muda mrefu, na ndiyo maana hutangulia. Oga kwa maji peke yake. Sabuni yenye manukato itavuruga kila kitu ulichokifanya.

Udi hufuata. Makaa ya chetezo, kile chombo cha kufukizia, yawake nje, uani au barazani, yaachwe mpaka yafunikwe na majivu na yasitoe moshi wake yenyewe, maana moshi wa mkaa ukichanganyika na wa udi utatoka unanukia kama mama ntilie. Weka kipande kidogo cha udi, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Juu ya chetezo funika kikapu kirefu chenye matundu, na juu ya kikapu tandaza gauni, ukiligeuza kila baada ya dakika mbili tatu. Usiondoke hata kidogo. Mwaka ule nilioondoka kwenda kumtoa mtoto kwenye ndoo ya maji, nilirudi nikakuta mkono wa gauni una tundu la duara, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia tano, na kingo zake zimejikunja kama jani la mwarobaini lililokauka. Nilishonea ua juu yake, watu wakanisifu kwa mtindo. Nywele nazo hufukizwa zikiwa na unyevu, umeinama, kanga imekufunika kichwa ili moshi uzunguke ndani. Kama nyumbani kuna mtoto mchanga au mwenye pumu, kazi yote hii ifanyike mbali naye na nguo ipigwe upepo kabla hujamkaribia.

Asumini zinunuliwe alasiri zikiwa bado zimefumba. Zilizokwisha kufumbuka ni nzuri kwa macho, lakini saa nne usiku zitakuwa zimechoka, wakati zile zilizofumba, ukizihifadhi ndani ya kitambaa chenye maji kidogo, zitafumbuka juu ya kichwa chako ukiwa umekaa ukumbini. Fundi wa kutunga atakupa shada la nywele. Mimi hupendelea kikuba, kile kifungu kidogo cha majani ya mrehani, asumini na vipande vya mkadi vilivyotiwa marashi, nikakibana kwa pini upande wa kushoto chini ya mtandio. Hakionekani. Kila ukigeuka, jirani yako hugeuka kukutafuta.

Uso huja baada ya gauni, na gauni huja baada ya kuwaaga watoto. Kwaheri zote zifanyike ukiwa bado na kanga, wakukumbatie, wakupake uji kama ni lazima, kisha uingie ndani uvae. Wanja, poda kidogo, rangi ya mdomo. Katika joto la Unguja vingi zaidi ya hivyo havifiki saa tatu.

Mkoba na pesa za kutunza

Mkoba wa usiku ni mdogo, na udogo wake ndio msaada wako, kwa sababu hautaingia nepi. Simu iliyojaa chaji, leso, ufunguo, pini mbili za akiba, na kwa anayenyonyesha vitambaa vya kuwekea ndani ya sidiria, kwani baada ya saa tatu au nne maziwa hujaa na huweza kupenya. Ukiona kifua kinakaza, nenda chooni ukamue kidogo kupunguza, kisha urudi kitini.

Pesa za kutunza ziandaliwe mchana. Noti ndogo kuliko zote unayoweza kutumia ni ya shilingi 1,000 ya Tanzania, kwa kuwa 500 ni sarafu na mwimbaji hatunzwi kwa sarafu. Badilisha shilingi 20,000, au kiasi ulichojipangia, ziwe noti za elfu moja moja, ziwe mpya kadiri inavyowezekana, na uzitenge mbali na nauli. Nauli ikiguswa na utamu wa fidla haibaki.

Njiani

Patana na dereva wa teksi mapema kwa safari zote mbili, kwenda na kurudi, na mkubaliane saa na mahali atakaposimama. Bodaboda iache. Pindo la baibui na mtandio mrefu hunaswa na gurudumu, na ajali za namna hiyo si hadithi. Ukifika piga picha mlangoni kabla ya kuingia, uso ukiwa bado mkavu.

Ukumbini: namna ya kukaa, kusikiliza na kutunza

Tafuta kiti safu ya pili au ya tatu, pembeni, karibu na feni. Safu ya kwanza ni ya wakubwa na wageni, na ya nyuma kabisa ni ya wanaozungumza. Upande mmoja wa jukwaa utauona udi mwingine, ule wenye nyuzi na tumbo kama nusu ya boga. Usiku huo utakuwa umekutana na udi wote wawili, wa chetezo na wa kupigwa, na kila mmoja una mafundi wake.

Kutunza kuna adabu. Mwimbaji akifika kwenye ubeti uliokugusa, inuka taratibu, tembea kwa mwendo wa wimbo ukiyumba kidogo, ishike noti juu ionekane, umkabidhi mkononi au uiweke mbele yake, kisha urudi bila kumziba mpiga fidla. Noti moja kila mara inatosha. Ukitoa zote kwa mkupuo umemaliza usiku wako kwenye wimbo wa pili.

Lakini ujue kwamba ukumbi mzima unakusoma. Nyimbo hizi ni mafumbo, na anayeinuka kwenye ubeti fulani huhesabiwa kuwa ameusema ubeti huo kwa kinywa chake. Katika taarab ya asili fumbo hujifunika sana. Katika ile ya kisasa iliyoshamiri tangu miaka ya 1990, ambayo tunaiita rusha roho, maneno huwa makali na mpasho hauhitaji mfasiri. Mimi niliwahi kuinuka kwa furaha zangu, fidla imenipendeza, mikono juu, nami sikuwa nimeyasikiliza maneno. Ubeti ulikuwa unamsimanga jirani anayechungulia vyungu vya wenzake. Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa amekaa safu mbili nyuma yangu. Wiki nzima salamu yangu haikujibiwa, na nilipokwenda kumweleza kwamba sikuwa na nia yoyote alinitazama na kuniuliza, "Sasa zile pesa ulimtunza nani, na kwa lipi?" Hivyo basi usiinuke kwenye ubeti wa kwanza wa wimbo usioujua. Subiri kibwagizo kirudi mara mbili, uelewe wimbo unakwenda wapi, ndipo uamue kama unataka kuusema.

Haya si mageni, na wala mama anayejipamba kwenda taarab asione kuwa anaiga mambo ya kisasa. Siti binti Saad alikuwa msichana wa Fumba aliyetembeza vyungu kabla hajawa mwimbaji ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay na sauti yake ikarekodiwa kwenye santuri, na baada yake wanawake wa Unguja waliunda vikundi vyao wenyewe vya taarab vilivyoshindana kwa nyimbo na kwa mavazi pia. Shangazi zetu walikwenda na watoto mgongoni. Sisi tuna bahati ya kuwaacha wamelala.

Kuhusu simu, kubaliana na aliyebaki nyumbani kwamba akipiga mara mbili mfululizo kuna jambo, na asipopiga hakuna jambo. Iweke itetemeke bila mlio, uishike mkononi ikiwa unataka, lakini usipige wewe. Kila unapopiga kuuliza kama wamelala, unamwamsha mmoja.

Kurudi

Ondoka wimbo mmoja kabla ya mwisho. Mlango utakuwa wazi, dereva hajazibwa na magari mengine, nawe utakuwa umetoka ukiwa bado unataka. Vua viatu ndani ya gari. Nyumbani sikiliza taarifa ya aliyebaki kabla ya kusimulia yako, umpe alichostahili usiku huohuo, pesa au zawadi uliyomwekea, na usimwambie mtakutana kesho. Mtu aliyelipwa vizuri leo hupatikana na Idi ijayo.

Wanja hutoka kwa mafuta ya nazi na pamba. Gauni litundikwe penye hewa, lisifuliwe siku mbili tatu, kwa sababu udi hukaa ndani ya bitana na nguo nyingine za kabati zitafaidika nao. Kifua kikiwa kimejaa, mnyonyeshe mtoto akiwa nusu usingizini baada ya wewe kuoga, hatajua kwamba ulikwenda popote. Kikuba kitoe pini, ukiweke kati ya mito. Asumini za nywele ziweke kwenye kisahani juu ya meza. Alfajiri zitakuwa zimeanza kugeuka rangi kingoni, na kwangu huwa sizikuti zote, kwa kuwa binti yangu mdogo huamka kabla yangu, akazipanga mstari mmoja kwenye sakafu na kuzihesabu.